Trei za mayai hazizuii sauti

Juzi nimeitwa Isevya, hapa Tabora, nikakuta ukuta mzima wa chumba cha watoto umebandikwa trei za mayai. Baba mwenye nyumba alizikusanya kwa miezi. Televisheni ya sebuleni bado inasikika kitandani neno kwa neno. Kila mwezi nakutana nazo, na kila mara naambiwa, "Fundi, mbona studio wanaweka?"

Studio wanaweka sponji ili sauti isirudi na kuleta mwangwi ndani ya chumba kilekile. Kuizuia isivuke ukuta ni kazi nyingine, na hiyo inataka uzito. Trei ni karatasi. Ukuta wa tofali za kuchoma wa inchi 4 na nusu, wenye lipu pande zote mbili, tayari unapunguza sauti kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 45 hivi. Karatasi itauongezea nini? Halafu inashika moto upesi, na umeme ukikatika watoto wanawashiwa mshumaa humo humo. Zibandueni, tafadhali.

Anayetaka kujua sauti inapopita apande darini. Nyumba zetu nyingi, kuta za ndani zinaishia usawa wa dari. Juu yake ni uwazi mmoja chini ya bati, kutoka sebuleni hadi chumba cha mwisho. Sauti inapenya silingi bodi ya sebuleni, inatembea huko juu, inashukia chumbani. Ongeza kozi za tofali mpaka kwenye bati, kisha ziba kwa saruji kila upenyo unaozunguka kenchi, zile mbao zinazobeba bati. Kama bado hujapiga dari, mwambie fundi wako leo, maana baadaye utaifumua.

"Uwazi kidogo hauna neno." Una neno kubwa. Ukuta unaopunguza desibeli 50 ukiachiwa uwazi wa asilimia 1 tu ya eneo lake, unabaki na 20. Kwa hiyo chini ya mlango weka mpira, na yale matundu ya hewa juu ya mlango yazibwe. Chumba kipumue kwa dirisha la nje.

Pazia zito? Linapunguza mwangwi, basi. Rangi ya kuzuia sauti? Usinunue.

Na mafundi umeme, acheni kuchimba visanduku vya swichi mgongo kwa mgongo kwenye ukuta mmoja. Mnabakiza plastiki mbili tu kati ya vyumba. Sogezeni kimoja pembeni, walau futi mbili.