The Running Man ya Anodi: tunayoyasema na yaliyomo kwenye muvi

Tangu ile mpya itoke Novemba 2025, stori za The Running Man zimerudi vijiweni na kwenye magrupu, na kila nikipita naona tunarudia yale yale tuliyotoka nayo kwenye vibanda umiza enzi hizo, kanda imechakaa, kingereza hakisikiki na anayetafsiri anaongeza ya kwake. Hii picha ya 1987 ya Anodi, yani Arnold Schwarzenegger, ambamo wafungwa wanakimbizwa na wawindaji wauaji kwenye kipindi cha tivii, naipenda kwa moyo wote, nimeirudia mara nyingi mpaka dialogi nazijua, kwa hiyo niacheni niseme yale yanayopotoshwa zaidi.

"Anodi alikuwa muuaji, akapewa mchezo ili ajikomboe"

Hapana, na hii ndo inaniuma kuliko zote maana ukiikosea hii umeikosa picha nzima. Ben Richards ni rubani wa helikopta ya polisi, yuko juu ya mji wa Bakersfield, chini kuna watu wenye njaa wanaandamana wanataka chakula, hawana hata silaha, anaambiwa apige, anakataa. Wenzake wanamdhibiti humo humo ndani ya helikopta, watu wanauawa, halafu mkanda unakatwa na kuungwa upya mpaka aliyekataa anaonekana ndo kaua. Nchi nzima inamwita mchinjaji wa Bakersfield. Anatupwa kambi ya kazi ngumu ambako wafungwa wanavalishwa kola shingoni, ukivuka mstari kola inalipuka na kichwa chako.

Na kwenye mchezo hakuingia kwa kupenda. Alishatoroka kambini, akakamatwa tena eapoti, kumbe Killian mwenye kipindi kaiona video ya kutoroka kwake akaona huyu atanipa watazamaji. Akamwekea sharti: usipocheza wewe tunawachezesha wale rafiki zako wawili, Laughlin na Weiss. Richards akakubali kuwaokoa wenzake, halafu dakika za mwisho kabisa anawaona nao wanaletwa. Mpaka leo nikifika pale roho inaniuma.

"Ukishinda unaachiwa huru, wapo walioshinda wakaenda kula bata"

Ndo wanavyoambiwa watazamaji, na sisi nasi tukaamini kama wao, yani uongo wa ndani ya picha ukatupata mpaka sisi tuliokaa kwenye benchi. Whitman, Price na Haddad wanaonyeshwa kwenye skrini wako ufukweni wanacheka, jua linawaka, kumbe wanakutwa kule kule kwenye uwanja wa mchezo ni maiti zimekauka. Hakuna aliyewahi kutoka.

Kuna wanaosema picha imechukuliwa kitabuni vile vile ilivyo. Kitabu kipo kweli, kilitoka 1982 kwa jina la Richard Bachman, ambaye ni Stephen King mwenyewe alikuwa anajificha kwenye hilo jina mpaka likafichuka 1985. Lakini humo ndani ni stori nyingine kabisa. Richards wa kitabuni sio mfungwa wala hana misuli, ni baba maskini, mtoto wake mdogo anaumwa, hela ya dawa hana, anajipeleka mwenyewe kuomba kuchezeshwa. Na hakimbizwi kwenye uwanja uliofungwa, anakimbia nchi nzima, siku 30, kila raia anayemwona anaweza kumchoma kwa wawindaji. Na ile kanuni yetu kwamba stelingi hafi, kitabuni haipo: stelingi anaigongesha ndege kwenye jengo la kampuni inayoendesha michezo na anakufa humo. Mwaka ambao stori inatokea ni 2025, na ile mpya ya Edgar Wright aliyocheza Glen Powell imetoka mwaka huo huo, nayo sio marudio ya ile ya Anodi, imekifuata zaidi kitabu. Anayelalamika kwamba "wameharibu, wawindaji wenye msumeno wako wapi" analalamikia kitu ambacho kwenye kitabu hakikuwemo.

"Wameiga Squid Game"

Squid Game ni ya 2021. Hii ni 1987. Na kabla yake Wafaransa walikuwa na picha ya 1983 ya mtu anayewindwa kwenye kipindi cha tivii, iliyotokana na hadithi fupi ya Mmarekani Robert Sheckley ya 1958. Hilo tuliache.

Kuhusu waigizaji, wengi wanadhani Killian ni mwigizaji aliyefundishwa kuwa mtangazaji. Hakuhitaji kufundishwa. Richard Dawson alikuwa mtangazaji kweli, kaendesha kipindi cha mashindano ya familia kwenye tivii ya Marekani kuanzia 1976 hadi 1985, kwa hiyo lile tabasamu, kuwashika mikono wabibi, kuwauliza kwa upole nani afuate kuua, ni kazi aliyoifanya miaka yote, safari hii tu zawadi ni damu. Ndo maana anatisha kuliko wale wawindaji Buzzsaw na Fireball wote wakiwekwa pamoja. Na Laughlin, yule rafiki, ni Yaphet Kotto, ambaye Waganda wana sababu ya kumkumbuka, ndiye aliyecheza Idi Amin kwenye filamu ya tivii ya uvamizi wa Entebbe.

"Ni ndoto za Hollywood tu, hakuna nchi inayomfanya mfungwa kuwa burudani"

Roma walifanya, mhukumiwa anatupiwa wanyama mbele ya umati. Ya zamani sana hiyo, sawa. Lakini pale Louisiana, Marekani, kuna gereza linaitwa Angola, toka 1965 wanafanya rodeo, yani mashindano ya kupambana na farasi na fahali wakali, na mojawapo ya michezo yao wafungwa wanne wanakaa kwenye meza kama wanacheza karata, fahali anaachiwa, wa mwisho kubaki kwenye kiti ndo mshindi. Watu wanakata tiketi. Wafungwa wanajiandikisha wenyewe na hakuna anayetaka wafe, sitaki kutia chumvi, ila umati upo na fahali ni fahali kweli.

La mwisho ni hili, "Anodi aliwashinda kwa misuli." Misuli iliwamaliza wawindaji, haikuimaliza stesheni ya tivii inayorusha mchezo. Stesheni ilipobanwa ilichofanya ni kupachika sura ya Richards na ya Amber kwenye miili ya watu wengine ikawaonyesha watazamaji wanauawa, na watazamaji wakaamini, 1987 hiyo, kabla hata wengi wetu hatujagusa kompyuta. Aliyeishinda ni Amber. Dada alikuwa anafanya kazi hapo hapo stesheni, alimwona Richards akikamatwa eapoti na hakuuawa mtu, usiku taarifa ya habari ikasema kaua. Akaenda kutafuta mkanda halisi wa Bakersfield, wakamkamata, wakamtupa mchezoni. Weiss kabla hajauawa akampigia kelele namba za siri za setilaiti azishike kichwani, naye akazishika. Mkanda ule halisi ambao haujakatwa ukarushwa hewani, na watu wakasikia kwa masikio yao rubani akikataa.