Kituo cha reli ya bustani: vanishi haitakiokoa

Kila mvua za masika zikipungua hapa Nairobi, naanza kuletewa vituo vya treni vya modeli, vile vidogo vya kuweka bustanini kando ya reli ya modeli, vilivyofura kuta, paa limejikunja, mlango haufungi tena. Na kila mwenye nacho ana maneno yale yale: "Lakini fundi, nilikipaka vanishi mara tatu!"

Dhana hii kwamba vanishi inatosha imenichosha, kwa hiyo naieleza kwa kirefu. Vanishi hulinda uso wa mbao, lakini maji ya bustanini hayangojei kuingilia usoni. Hupanda kutoka chini, kwenye kingo za plaiwudi zilizokatwa kwa msumeno, mahali ambapo brashi yako haikufika kwa sababu ulishagundisha kuta kwenye kitako. Ukiishi Embakasi au Syokimau mambo huwa mabaya zaidi. Udongo mweusi wa huko hufura ukilowa na kupasuka ukikauka, kitako kinayumba, viungo vya kuta vinaachana, vanishi inapata ufa mwembamba kama unywele. Maji yakishapita hapo hayatoki tena, maana vanishi ile ile inayazuia ndani. Nimefungua kuta zinazong'aa nje na ndani mbao imeoza kabisa. Ongeza jua letu: tuko karibu na ikweta, mwinuko wa kama mita 1,700, na miale yake inavunja vanishi ya kawaida upesi.

"Basi nitatumia plaiwudi ya marini, ile ya kutengenezea mashua." Kinachostahimili maji katika plaiwudi hiyo ni gundi yake. Mbao yenyewe inakunywa maji kama nyingine. MDF, ubao wa nyuzi za mbao zilizogandamizwa, sitaki hata kuijadili. Ni ya modeli za wasanifu majengo zinazokaa mezani ofisini.

Tengeneza kuta kwa kitu kisichooza. Mimi napenda saruji: kipimo 1 kwa mchanga vipimo 3 uliochekechwa vizuri, waya mwembamba wa wavu katikati, unene wa sentimita 1. Kesho yake asubuhi, kabla haijakauka sana, chora kozi (safu) za mawe kwa msumari. Ukitaka wepesi, tumia shiti za PVC za watengeneza mabango, ila zipake rangi nyeupe au krimu, kwa sababu rangi nyeusi huvuta joto na shiti hupinda. Kisha weka jengo juu ya tofali za kutandika njia za bustani au slabu ya zege, toboa matundu ya hewa, paa lichomoze nje ya ukuta, na lifanye liweze kuinuliwa ili ukaushe ndani. Madirisha ya perspeksi (plastiki ngumu inayopitisha mwanga) yaachie nafasi: kipande cha mita 1 kikipata joto la nyuzi 40 zaidi hurefuka karibu milimita 3, na kikibanwa kitapasuka.

Dhana ya pili: reli zote za bustani zina upana wa milimita 45, kwa hiyo jengo lolote linafaa treni yoyote. Hapana. Reli ya zamani, ile iliyofika Nairobi mwaka 1899, ina upana wa mita 1. Ukiigawanya kwa milimita 45 unapata takriban 1:22.2, na skeli (uwiano wa modeli na kitu halisi) inayotumika ni 1:22.5. SGR, reli yetu mpya, ina milimita 1,435, na kwenye reli hiyo hiyo ya bustani inakuwa 1:32. Mlango wa mita 2 utakuwa milimita 89 katika skeli ya kwanza na kama milimita 63 katika ya pili. Amua kwanza unaendesha treni gani, ndipo ushike rula. Urefu wa jengo unaweza kuupunguza, hakuna atakayekulaumu; milango na madirisha usiyaguse, kwa sababu jicho linayapima dhidi ya sanamu za abiria.

Eti bila ramani za msanifu huwezi kujenga. Picha moja ya mbele na kipimo kimoja vinatosha: nenda kapime kimo cha kozi moja ya mawe, kisha uzihesabu kwenye picha.

Eti gundi nyeupe ya mbao ikikauka imekauka. Ikilowa muda mrefu inalainika. Tumia epoksi.

Eti mabati ya modeli lazima yaagizwe Ulaya. Kata kopo la soda, lilaze juu ya kipande cha mpira mgumu, ubingirishe boliti ya M30 (nene milimita 30) kwa nguvu. Nafasi kati ya uzi na uzi wa boliti hiyo ni milimita 3.5, na migongo ya mabati halisi yenye nafasi ya milimita 76 inakuwa 3.4 katika skeli ya 1:22.5. Kabla ya kukunja, sugua kopo kwa msasa laini pande zote mbili, halafu upake praima ya chuma, la sivyo rangi itabanduka mvua za kwanza.