Si Nafasi Zenu Darasani Tunazozikumbuka

Kuna kauli ambayo wanafunzi wangu wa zamani wameirudia mara nyingi mno, na sasa nimeona niijibu kwa maandishi. Mtu mzima, mwenye kazi yake na watoto wake, hunisalimia kwa heshima zote, kisha kabla sijatamka lolote huanza kujitetea: "Najua huwezi kunikumbuka, mwalimu, mimi sikuwa na akili darasani." Wazazi nao huamini vivyo hivyo, kwamba kichwani mwa mwalimu wa madarasa ya mwanzo kuna orodha ya matokeo, walioongoza wakiwa juu kabisa, na wa katikati wakiwa wamefutika tangu siku walipovuka darasa. Imani hiyo si ya kweli, na hunisikitisha kwa sababu huwafanya watu wazima wadharau sehemu nzuri ya utoto wao wenyewe.

Watukutu nitawamaliza kwa sentensi moja: tunawakumbuka kwa sababu tuliyaita majina yao kila siku, na jina linalotajwa kila siku haliwezi kupotea upesi.

Jambo linalohitaji maelezo marefu ni hili la akili. Anayesahihisha rundo la madaftari ya imla anajua kwamba daftari lisilo na kosa hupita mkononi bila kuacha alama yoyote kumbukumbuni. Unatia vema, unaandika alama, unafungua jingine. Majibu sahihi ya darasa zima hufanana, kwa hiyo hayakuelezi lolote kuhusu aliyeyaandika. Kosa lenye mantiki ndani yake ndilo linalosimamisha kalamu na kukulazimisha umwite mtoto mezani ili umsikilize.

Nina mtoto mmoja ambaye sitamsahau kwa sababu ya namba 205. Nilikuwa nimetaja ishirini na tano, waandike kwa tarakimu, naye akaandika 2, 0, 5, kwa mwandiko mzuri uliokaa juu ya mstari. Nilipomwita, aliweka kidole chini ya 20 akasema, "Ishirini hii hapa," kisha akakisogeza hadi kwenye 5, "na tano hii hapa." Nikamtajia mia moja ishirini na saba, namba ambayo darasa halikuwa limefika, naye bila kusita akaandika 100207. Tazama kazi aliyoifanya mtoto huyo! Masikio yake yalisikia namba kamili zikifuatana, akaziandika zote kama alivyozisikia, na kanuni yake haikuyumba hata namba ilipozidi kuwa kubwa. Alichokosa ni kitu kimoja tu, yaani thamani ya nafasi, kwamba 2 ikikaa kwenye makumi imeshakuwa ishirini na haihitaji sifuri ya kuitambulisha. Mwenzake aliyeandika 25 huenda alikuwa ameelewa, na huenda alikuwa amekariri umbo lake ubaoni. Daftari lake halikunipa njia ya kujua. Halafu mtu aje aniambie kwamba yule wa kwanza hakuwa na akili! Hapo uvumilivu wangu huisha.

Hali ni hiyo hiyo kwa wanaoandika 3, S au J zikiwa zimegeukia upande wa pili, au wanaochanganya b na d. Wazazi huja wakiwa na hofu kubwa. Kabla ya kuingia darasani, mtoto ameishi katika ulimwengu ambao kikombe ni kikombe, mpini uwe kulia au kushoto, na akili yake imejifunza kwa usahihi kabisa kupuuza upande. Herufi ni miongoni mwa vitu vya kwanza anavyokutana navyo ambavyo upande hubadilisha jina lake. Watoto wengi huacha kugeuza wanapofikia takriban miaka saba, na anayeendelea sana baada ya hapo, huku kusoma nako kukimlemea, anastahili kuangaliwa kwa makini. Mimi hufurahia kurasa hizo zilizogeuka, na bado naweza kutofautisha kichwani mwangu 3 ya mtoto huyu na ya yule, muda mrefu baada ya majina yao kunitoka.

Vitabu vya mafunzo ya ualimu hueleza majaribio ya Jean Piaget, mwanasaikolojia wa Uswisi, aliyewaonyesha watoto safu mbili za vitu zenye idadi sawa, akatawanya safu moja ikawa ndefu zaidi, kisha akawauliza tena kama idadi bado ni sawa. Wadogo wengi walisema safu ndefu imezidi, na hapo ndipo mafunzo mengi huishia. Hitimisho lake ni kwamba mtoto mdogo hajui kuwa idadi haibadiliki, nami nimekuwa na shaka nalo kwa muda mrefu. Mwaka 1974 watafiti James McGarrigle na Margaret Donaldson walilirudia jaribio hilo, ila safu ikavurugwa na mwanasesere wa dubu, kana kwamba kwa bahati mbaya, na watoto wengi zaidi walijibu kwa usahihi. Mtoto anaposikia mtu mzima akirudia swali lile lile, huweza kudhani jibu lake la kwanza limekataliwa. Mimi huuliza "umejuaje?" kwa aliyepata na kwa aliyekosa, na msichana mmoja, mkimya sana, wa alama za katikati kabisa, alishika kifutio chake, akanitazama, akauliza kabla hajafuta: "Mwalimu, unauliza kwa sababu nimekosa au kwa sababu unataka kujua?" Hakuwahi kuwa wa kwanza. Alikuwa ameiona kanuni ya siri ya darasa ambayo watafiti waliitafuta kwa majaribio, akaitaja kwa sentensi moja.

Ipo pia siku ambayo silabi zinaungana. Mtoto amekuwa akisoma "ma… ta… wi" kama sauti tatu zisizojuana, kisha siku moja anazirudia kwa kasi, ananyamaza, anageuka na kutazama tawi nje ya dirisha. Walimu hupenda kujipa sifa ya siku hiyo. Mimi sina uhakika kama ni yangu. Nimefundisha kwa njia ile ile watoto waliokaa dawati moja, mmoja akafunguka mapema na mwenzake mwishoni mwa mwaka, na sijaona andalio la somo linaloeleza tofauti hiyo kwa namna inayoniridhisha.

Shaka nyingine inahusu kumbukumbu zenyewe. Mwanasaikolojia Frederic Bartlett alieleza mwaka 1932 kwamba kukumbuka ni kuunda upya, na kila simulizi inaporudiwa huchongwa kidogo ili ikae vizuri. Nimesimulia habari ya 205 mara nyingi, na inawezekana nimeinyoosha bila kujua. Ndiyo maana siku hizi ninapopata jibu la aina hiyo huliandika siku hiyo hiyo pembeni mwa andalio la somo, kwa maneno ya mtoto mwenyewe, pamoja na sababu aliyoitoa na mahali alipokuwa ameketi. Anayekuja kunisalimia baada ya miaka anisaidie kwa habari za namna hiyo: alikaa karibu na nani, mwandiko wake ulilalia upande gani, hesabu gani ilimsumbua na alikuwa akiifanyaje. Nafasi aliyoshika darasani haitanisaidia kumtambua.