PCB au chuo cha afya? Maneno ya sebuleni na hali halisi

Hapa Tanzania, matokeo ya kidato cha nne yakishatoka, kila mjomba anageuka mshauri. Mtoto aende Advance (kidato cha tano na sita) asome PCB, yaani Fizikia, Kemia na Biolojia, au aingie chuo cha afya moja kwa moja? Ushauri ni mwingi, na sehemu kubwa yake haina ukweli.

Eti chuo cha afya ni cha waliofeli. Stashahada ya utabibu inataka ufaulu wa masomo manne yasiyo ya dini, na humo lazima ziwemo Fizikia, Kemia na Biolojia. Mwenye F (kufeli) ya Kemia hapiti, hata Kiswahili awe na A.

Eti ukishasomea utabibu, udaktari usahau. Hapa ndipo wengi wanapotoshwa. Tabibu mwenye stashahada na GPA (wastani wa alama) ya 3.0 anaruhusiwa kuomba shahada ya udaktari. Kinachomkwamisha ni kingine kabisa. Tazama matokeo kama haya: PHY-D, CHEM-C, BIO-C, ENGL-C, B/MATH-F. Chuo cha afya kitampokea, maana kwao Hesabu ni nyongeza tu. Siku akiomba udaktari, chuo kikuu kitafukua cheti kilekile cha kidato cha nne na kudai angalau D katika masomo yote hayo matano, Hesabu ikiwemo. F aliyoichukulia poa ndiyo inamfungia mlango. Bora arisiti (arudie mtihani) mapema, kama mtahiniwa wa kujitegemea, kabla hajasahau hata kutafuta x.

Eti Advance ni njia ya mkato. Piga hesabu: miaka miwili ya Advance, mitano ya udaktari, mmoja wa utarajali (mazoezi ya kazi hospitalini), jumla minane. Kwa kupitia stashahada ya miaka mitatu ni tisa. Mwaka mmoja tu! Tena wa stashahada ana taaluma mkononi tangu mwaka wa tatu. Wa PCB akikosa nafasi (kigezo cha chini ni D tatu za PCB, lakini wanaogombea wengi wana zaidi ya hapo) ataishia kuomba chuo kilekile alichokikimbia, akae dawati moja na wadogo zake.

Upande wa pesa Advance inashinda: shule za serikali zilifutiwa ada ya kidato cha tano na sita mwaka 2022, wakati chuo binafsi cha afya kinaweza kudai zaidi ya milioni moja kwa mwaka, bila sare wala chakula. Ila ile kauli kwamba mikopo ni ya chuo kikuu tu imepitwa na wakati. Tangu 2023/24 stashahada za afya nazo zimo.

Halafu kuna hii ya "afya ajira nje nje." Muuguzi akimaliza chuo hana budi kwanza kufaulu mtihani wa leseni wa Baraza la Uuguzi na Ukunga. Baada ya hapo anasubiri tangazo la ajira pamoja na waliohitimu miaka ya nyuma, wengine wakiwa bado wanajitolea zahanati kwa nauli tu.