Jeni iliyonyamazishwa si jeni bubu

Mara ya tatu mwezi huu nimesikia "jeni bubu". Safari hii ni kijana wa Senior Six hapa Tororo, mwenye bidii kweli, akiwaeleza wenzake kwa Kiswahili habari za hamira. Alikusudia jeni iliyonyamazishwa. Akaongeza kwamba jeni hiyo "ikinakiliwa inanyamaza", nalo ni kosa la pili.

Maana yenyewe ni fupi: kunyamazisha jeni ni seli kuifunga sehemu ya kromosomu isisomwe, huku maandishi ya DNA yakibaki yalivyo.

Sasa hilo neno. Bubu hana namna ya kusema. Aliyenyamaza sauti anayo, ila haitoi. Na nyamaza ikishakuwa nyamazisha, kitenzi chenyewe kinatuuliza: nani kamnyamazisha? Katika hamira, hii hii ya kuumulia mandazi, jibu lipo: ni protini za Sir. Sir2 huondoa vikundi vya asetili, yaani alama ndogo za kikemia, kwenye histoni, zile protini ambazo DNA imejizungushia, kisha Sir3 na Sir4 hushikamana hapo na kupafunga. Kazi hiyo hufanyika kwenye HML na HMR, maghala mawili ya jeni za jinsia yaliyo kwenye kromosomu ya 3. Ukiziondoa Sir, maghala yanasomwa. Hata bila kuziondoa, nakala ya jeni hizo ikipelekwa MAT, mahali palipo kati ya maghala hayo, inasomwa vizuri kabisa. Bubu hasemi kwa kuhamishwa chumba.

Kosa la pili la kijana nalielewa zaidi, kwa sababu wataalamu nao walipita njia hiyo. Mwaka 1984 watafiti Miller na Nasmyth walitumia hamira yenye protini ya Sir isiyostahimili joto. Kwenye joto HMR ilisomwa. Waliporudisha ubaridi, haikunyamaza papo hapo; ilibidi kwanza seli ipite hatua ya S, ile ambayo DNA hunakiliwa. Ikawa rahisi kudhani kwamba kunakili ndiko kunakoleta ukimya. Mwaka 2001 maabara mbili za Marekani zilitenganisha mambo hayo: vipande vya duara vya DNA vyenye HMR, visivyo na mahali pa kuanzia kunakiliwa, vilinyamazishwa vilevile. Lakini seli bado ilipaswa kuipita hatua ya S. Kumbe S ni wakati ambao seli inaweza kuweka ukimya, na kunakiliwa kwa jeni yenyewe si sharti. Tofauti hii ni ndogo kuitamka, lakini ilichukua miaka 17 kuionyesha, ndiyo maana inaniuma ikimezwa katika sentensi moja.

Kwa hiyo, mwanangu, uliwaeleza vizuri. Ukirudia, sema "jeni iliyonyamazishwa", na pale uliposema "ikinakiliwa inanyamaza", weka "seli ikipita hatua ya S inaweza kuinyamazisha".