Je, wajua kwa nini gurudumu la kupinda sauti la kinanda cha umeme likitulia husoma 8192, wala si sifuri?

Siku nilipochora sintesaiza yangu ya kwanza, yaani chombo cha kuunda sauti, ndani ya programu ya Pure Data, nilibonyeza noti ya A, ile ya kati wanayolinganishia ala, ikatoka G. Toni nzima chini. Nikabonyeza C, ikaja B bemoli. Kinanda kilikuwa cha kuazima, basi lawama zote nikakitupia chenyewe. Baadaye kidole kikagusa kwa bahati lile gurudumu la upande wa kushoto, ambalo wapiga kinanda huliita pichi-bendi. Likapinda kidogo, likarudi mahali pake, na kuanzia hapo kila noti ikatoka sawasawa kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kosa lilikuwa langu, na lilijificha ndani ya nambari moja: 8192.

Kwa asiyeijua, Pure Data, au Pd kwa ufupi, ni programu ya bure ya kutengenezea sauti na muziki bila kuandika mistari ya msimbo. Unachora visanduku kwenye ukurasa mtupu, unaviunganisha kwa nyaya, na data inateremka toka kisanduku cha juu kwenda cha chini. Aliyeianzisha ni Miller Puckette, miaka ya 1990, baada ya kuunda programu nduguye iitwayo Max alipokuwa katika taasisi ya IRCAM, Paris. Kisanduku "notein" hupokea noti za kinanda, na "bendin" hupokea mpindo wa gurudumu. Weka kisanduku cha nambari chini ya "bendin" kisha chezesha gurudumu: likivutwa chini kabisa utasoma 0, likisukumwa juu kabisa 16383, likiachwa litulie katikati 8192.

Mtu angetarajia gurudumu lililotulia liseme sifuri. Halijapinda chochote, sasa hizo elfu nane zinatoka wapi?

Zinatoka kwenye waya. MIDI, lugha ambayo vinanda na kompyuta husemezana, ilionyeshwa hadharani Januari 1983 huko California, pale kinanda cha Prophet-600 cha Sequential Circuits kilipounganishwa na Jupiter-6 cha Roland, viwanda viwili vilivyokuwa vikishindania wateja walewale. Kila kinachosafiri kwenye waya huo ni baiti, yaani biti nane, na kila biti ni 0 au 1. Lakini biti ya kwanza ina kazi maalumu. Ikiwa 1, baiti hiyo ndiyo inayopiga hodi: inatangaza ni ujumbe wa aina gani, na wa chaneli ipi kati ya 16. Ikiwa 0, baiti hiyo ni maelezo ya aliyekwisha kupiga hodi. Faida yake ni kwamba waya ukichomolewa katikati ya ujumbe na kuchomekwa tena, mpokeaji husubiri tu hodi inayofuata, hababaiki.

Gharama yake ni kwamba maelezo yanabaki na biti saba, na biti saba hazihesabu zaidi ya 0 hadi 127. Kwa nguvu ya kubonyeza noti, hatua 128 zinatosha kabisa. Kwa kupinda sauti hazitoshi, maana sikio husamehe ukubwa wa sauti ukipanda kwa ngazi, lakini halisamehe noti inayotakiwa kuteleza halafu ikaruka kama mtu anayeshuka vidato gizani. Kwa hiyo waliobuni MIDI wakaupa mpindo baiti mbili za maelezo badala ya moja. Saba na saba ni biti 14, na 128 mara 128 ni 16384. Ukianza kuhesabu kwenye sifuri, ya mwisho ni 16383.

Na kwa kuwa baiti hizo hazijui alama ya kutoa, hakuna namna ya kusema "hasi". Kushuka na kupanda vyote lazima vikae juu ya sifuri, na katikati pakasogezwa hadi 8192.

Tukitazama kwa karibu, gurudumu lililotulia kwenye chaneli ya 1 hutuma baiti tatu: 224, 0, 64. Ile 224 ni hodi. Sifuri ni sehemu ndogo, na 64 ni sehemu kubwa, maana MIDI hutanguliza ndogo, kama Waarabu wanavyosema "sita na ishirini". Zidisha 64 kwa 128, jumlisha sifuri, unapata 8192. Kazi hiyo ya kuunganisha hufanywa na "bendin" kimyakimya. Kwenye waya wa asili wa MIDI, unaopitisha biti 31,250 kwa sekunde, ujumbe mzima huchukua takriban milisekunde moja.

Sasa turudi kwenye aibu yangu. Vinanda vingi huchukulia kwamba gurudumu likifika mwisho sauti imepinda nusutoni 2, yaani toni nzima. Kwa hiyo unatoa 8192, unagawa kwa 4096, unapata nusutoni. Jumlisha na nambari ya noti, pitisha kwenye "mtof", kisanduku kinachogeuza noti kuwa hezi (mitetemo kwa sekunde), basi. Noti 69, ndiyo ile A ya kati, bila mpindo ni hezi 440. Gurudumu likifika juu inakaribia 71, ambayo ni hezi 493.88. Mimi niliandika hesabu yote ndani ya kisanduku kimoja cha "expr": noti mlango wa kushoto, mpindo mlango wa kulia. Nilichosahau ni kwamba "bendin" haisemi kitu mpaka gurudumu liguswe. Kabla ya hapo mlango wa kulia unashika sifuri, na sifuri katika hesabu hii maana yake ni gurudumu lililovutwa chini kabisa. Toa 8192, gawa kwa 4096: hasi 2. Noti 69 ikawa 67, hezi 392. Ndiyo ile G.

Dawa yake ni kisanduku "loadbang", ambacho hupiga kengele mara ukurasa unapofunguliwa, kikaunganishwa na ujumbe 8192 kuelekea mlango ule wa kulia.

Kuna mtego mwingine pale pale. Katika Pd, kwa kawaida mlango wa kushoto tu ndio unaoamsha kisanduku. Wa kulia hupokea na kuweka akiba. Ukichezesha gurudumu noti ikiwa inalia, husikii badiliko lolote hadi ubonyeze noti nyingine, jambo linaloua maana yote ya kupinda. Pitisha mpindo kwanza kwenye kisanduku "t b f". Kitapeleka nambari kulia, kisha kitaugonga mlango wa kushoto ili hesabu ifanyike upya.

Majina nayo yanadanganya. Ukifuata somo la Max ukiwa kwenye Pd utapotea, kwa sababu "bendin" ya Max hutoa 0 hadi 127 tu, katikati ikiwa 64. Anayetaka biti zote 14 huko hutumia "xbendin". Na ndani ya Pd yenyewe, "bendin" hutoa 0 hadi 16383 ilhali "bendout", inayotuma mpindo nje, inataka -8192 hadi 8191. Ukiviunganisha moja kwa moja, gurudumu lililotulia litakipinda kinanda cha upande wa pili hadi mwisho. Kasoro hii inajulikana, imeachwa ili kazi za zamani za watu zisiharibike. Kwangu huo ni uamuzi wa haki, ingawa umenilia jioni nzima.

Usiamini pia kwamba kila gurudumu lina hatua elfu 16. Vinanda vya bei nafuu mara nyingi hutuma sehemu kubwa peke yake. Lisukume polepole ukitazama nambari: zikiruka 8192, 8320, 8448, hatua zako ni 128 tu. Mpindo ukiwa wa nusutoni 2, kila hatua ni senti 3 hivi (senti ni sehemu moja ya mia ya nusutoni), na si rahisi kuzigundua. Ongeza mpindo hadi nusutoni 12 na kila hatua inakuwa karibu senti 19. Hapo vidato unavisikia wazi. Kisanduku "line~", kikipewa milisekunde 20 za kuteleza toka nambari moja hadi nyingine, husaidia sana.

Kwa mpenzi wa taarabu mambo yananoga hapa. Kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na fidla hupiga robo toni bila shida, lakini kinanda hakina kibonye chake. Kwa mpindo wa nusutoni 2, robo toni chini ni 2048 pungufu ya katikati, yaani 6144, na E yako itakaa pale inapotakiwa katika makamu (mpangilio wa noti wa Kiarabu) ya Rasti inayoanzia C. Tatizo ni kwamba mpindo ni wa chaneli nzima: ukiishusha E, na C inayolia pamoja nayo inashuka. Mfumo wa MPE, uliopitishwa rasmi mwaka 2018, hutatua hilo kwa kuipa kila noti chaneli yake. Wewe mwenye kinanda cha kawaida unaweza kufanya vivyo hivyo ndani ya Pd: peleka kila E kwenye chaneli ya 2, na uitumie chaneli hiyo peke yake mpindo wake. Ukipitia "bendout", basi, andika -2048.