Lava na magma si kitu kimoja, muulize mtu wa Goma

Hapa Goma, mashariki mwa Kongo, neno moja, volkano, linabeba yote: mlima, moto unaoshuka, hata mawe meusi tunayojengea. Labda ndiyo maana wengi wanadhani lava na magma, maneno ambayo Kiingereza huyaandika vilevile, ni jambo moja.

Ukweli ni huu: mwamba ulioyeyuka ukiwa bado chini ya ardhi ni magma. Ukitoka juu, gesi zake zikaponyoka, ndipo unaitwa lava. Magma ni neno la Kigiriki la kitu kilichokandwa, kama bugali mzito. Lava limetoka Napoli, Italia, kwa majirani wa volkano ya Vesuvius, nalo ni mkondo unaoshuka.

Dhana iliyotuumiza zaidi ni kwamba lava ikisimama, hatari imekwisha. Jumamosi jioni, tarehe 22 Mei 2021, Nyiragongo, volkano iliyo jirani na mji wetu, ilipasuka. Kufika asubuhi lava ilikuwa imesimama upande wa Buhene, karibu na uwanja wa ndege, na waliokimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka nchini Rwanda, wakaanza kurudi na magodoro yao kichwani. Lakini ardhi haikutulia. Nyumba zilitikisika usiku na mchana, barabara zikapasuka, kwa sababu magma ilikuwa imejipenyeza chini ya mji hadi chini ya Ziwa Kivu. Tarehe 27 sehemu kubwa ya mji ikaamriwa kuhama, malaki ya watu wakashika njia. Wengi waliuliza wanakimbia nini ilhali lava imeshapoa. Lilikuwa swali la haki kabisa: neno la pili hawakuwa wameelezwa.

Wengine hudhani chini ya miguu yetu kote ni bahari ya magma. Sivyo. Sehemu kubwa ya tumbo la dunia ni mwamba mgumu. Magma hukusanyika mahali mahali tu.

Na lava ikipoa, je, inapoteza jina? Kwa Kiingereza, hapana. Jiwe la ukuta wangu bado ni lava. Ukilitazama kwa karibu limejaa vitundu, vingine vidogo kama punje ya mtama, na kila kimoja ni povu la gesi lililonaswa jiwe likiganda. Magma iliyogandia kule chini, polepole, haiitwi lava hata siku moja. Itale ni mfano wake.

Lile ziwa jekundu linaloonekana ndani ya shimo la Nyiragongo nalo ni ziwa la lava, kwa kuwa uso wake umekutana na hewa, ingawa kinacholilisha kutoka chini ni magma.